Tundu la Nyumba Namba Kumi na Nne

Idara ya Hewa za Majumbani ina furaha kubwa, tena furaha iliyopitishwa na kikao, kuutangazia umma kwamba hakuna mkazi wa nyumba za serikali atakayehangaika tena kujichagulia kiyoyozi. Kazi hiyo sasa tunaifanya sisi. Mkazi atabaki na jukumu moja tu, la kusubiri, na kwa hilo tumemwekea benchi.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Uteuzi. Nimeona nieleze yaliyotokea nyumba namba kumi na nne kwa sababu mtaani yamesemwa mengi, na wasemaji hawana muhtasari. Muhtasari ninao mimi. Niliuandika kwa mkono wangu, kurasa za mwisho nikiwa nimevaa soksi mikononi, kwa sababu zitakazoeleweka.

Kwanza chombo chenyewe. Kiyoyozi cha kisasa kina vipande viwili. Kimoja kinakaa ndani, ukutani, kinapuliza. Cha pili kinakaa nje, kinanguruma. Kati yao kuna mabomba mawili membamba ya shaba na waya, na vyote hivyo vinapita kwenye tundu la ukubwa wa kikombe cha chai. Kile cha aina nzuri, wakati wa joto kinalitoa joto la ndani na kulitupa nje. Kipupwe kikiingia kinageuka, kinalikwapua joto la nje, hata likiwa haba, na kulileta ndani. Hayo niliambiwa na Fundi Pima, fundi wa mafriji, anayeitwa hivyo kwa sababu hawezi kuingia chumbani kwa mtu bila kuchomoa futi yake ya chuma. Sisi wa Idara hatukuwa na haja ya kujua kinafanyaje kazi. Haja yetu ilikuwa kukichagua.

Na tulikichagua kwa utaratibu wa kitaalamu uitwao Jedwali la Hadhi. Mkurugenzi, elfu ishirini na nne. Mkuu wa Kitengo, elfu kumi na nane. Katibu, elfu kumi na mbili. Hizo ni namba za nguvu zinazoandikwa kwenye maboksi. Zinapima nini hatukuuliza, tuliona tu kwamba zinapanda. Mstari wa mwisho wa Jedwali unasomeka hivi: Wakazi wengineo, dirisha.

Viyoyozi vya ofisini tulivichagua mwezi wa joto kali, na wajumbe wakaridhia kwa kauli moja aina inayopoza tu, kwa kuwa siku hiyo hakuna aliyekumbuka kwamba amewahi kuhisi baridi maishani mwake. Mwongozo unataka viwake kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, mwaka mzima, maana kuizima mali ya umma ni kuidharau. Vipande vya nje tulivitundika juu ya benchi la wananchi. Wakati wa joto benchi lile lilikuwa jiko. Watu walilalamika, tukawawekea sanduku la maoni, nalo likayeyuka upande mmoja. Kipupwe kilipoingia mambo yakageuka: sisi ndani tukawa tunatetemeka na makoti yetu, wao nje wanapulizwa mgongoni na upepo wa moto. Foleni iliongezeka mara tatu. Mkurugenzi aliandika ripoti kwamba imani ya wananchi kwa Idara imepanda.

Kwenye foleni hiyo ndiko alikotokea Bi Mkunga.

Bi Mkunga ni mstaafu wa wodi ya wazazi. Nusu ya watoto wa mitaa hii walipita mikononi mwake, pamoja na wangu wa kwanza, jambo ambalo halihusiani na faili. Mumewe ni Dereva. Alimwendesha Mkurugenzi wetu miaka ishirini na sita. Mkurugenzi ni mtu wa vikao virefu, na kila aliposhuka garini alikuwa na maneno matatu tu kwa mzee yule: "Subiri kwenye gari." Dereva alisubiri. Alisubiri kwenye mvua, kwenye ukungu, dirisha la mbele likiwa halipandi mpaka juu, hadi mapafu yakastaafu kabla yake. Kipupwe cha mwaka jana alilazwa mara mbili. Safari hii daktari ameandika bila kuzunguka: chumba cha mgonjwa kiwe na joto lile lile usiku na mchana, jiko la mkaa lisisogezwe humo hata kwa dakika moja, na akilazwa tena, familia ijiandae.

Alisimama mbele ya meza yangu, Fundi Pima yuko nyuma yake. Mwongozo hauruhusu afisa aliyeketi kumwamkia mwombaji aliyesimama, kwa hiyo sikumwamkia.

"Habari za kazi, mwanangu," akasema mwenyewe.

"Shida yako?"

"Imeandikwa hapo. Chombo nimeshakichagua. Chumba ni hatua nne kwa tatu, dirisha moja, dari iko chini, watu wawili. Cha elfu tisa kinatosha. Kinapasha na kinapoza, hakipigi kelele, na umeme hakiuli kwa pupa. Sikuja kuomba chombo. Nimekuja kuomba ruhusa ya ukuta."

Nikafungua Jedwali. "Mama, elfu tisa haimo."

"Dukani imo."

"Hakuna cheo cha elfu tisa."

"Chumba changu hakina cheo, mwanangu. Kina baridi."

Fundi Pima akaona aingilie. "Bwana Katibu, chombo kikizidi chumba, kinawaka, kinazima, kinawaka, kinazima. Umeme unakwenda na unyevu unabaki. Unapima chumba, bwana. Humpimi mtu."

Niliandika kwenye faili kwamba fundi amelitukana Jedwali.

Lakini mimi si mtu wa roho mbaya. Nilimweleza mama yule kwamba suala la elfu tisa linaweza kupelekwa kwenye kikao, ila kikwazo chenyewe ni tundu. Ukuta wa nyumba ya serikali ni mali ya Idara. Nusu yake ya ndani, hadi katikati ya tofali, iko chini ya Kitengo cha Ndani, cha Mama Ndani. Nusu ya nje iko chini ya Kitengo cha Nje, cha Bwana Nje. Wawili hawa zamani walikuwa wakielewana vizuri. Sisi watatu ndio tuliotunga Kanuni za Matundu siku tunarudi semina, tukiwa tumebanana kiti cha nyuma cha gari la Idara, kwa vile semina yenyewe ilikuwa na shughuli nyingi na hatukupata nafasi ya kuandika. Baadaye waligombania kivuli cha kuegesha magari, na tangu hapo wanaandikiana barua kutoka milango inayotazamana.

Mama Ndani akamwambia Bi Mkunga, "Niletee kwanza barua ya Nje inayokubali kwamba tundu litatokea kwao."

Bwana Nje akamwambia, "Niletee kwanza barua ya Ndani kwamba tundu limeanza. Siwezi kuidhinisha mwisho wa kitu kisicho na mwanzo."

Alipigwa danadana wiki tano. Kila asubuhi namwona dirishani, ameketi benchini chini ya kiyoyozi changu, mgongo umepata moto, macho yako kwenye mlango wetu. Wiki ya tano alikuja mezani akiwa hana hata bahasha.

"Jana amekohoa mpaka kitanda kikasogea," akasema. "Nimempokelea kila mtu watoto mtaa huu. Nyie mnanirudisha kwa ajili ya tundu la kikombe?"

Niliumia. Nasema wazi, niliumia sana. Nikampa namba ya Ijumaa.

Ijumaa hakuja. Tulimwandikia kwamba amepoteza nafasi yake.

Wakati huo Idara ilikuwa na jambo zito zaidi. Ili wananchi waone matunda ya uteuzi wa kitaalamu, Mkurugenzi alikubali kuitoa nyumba yake iwe Nyumba ya Mfano. Chumba chake cha kulala kilitengewa elfu ishirini na nne, ya kupasha na kupoza, nguvu ambayo Fundi Pima alisema ingetosha ukumbi wa harusi. Hatukumwalika tena. Kuhusu tundu, vitengo vyote viwili vilionyesha ushirikiano wa kupigiwa mfano: Ndani walitoboa kutoka ndani hadi katikati ya tofali wakasimama kwenye mpaka wao, na Nje wakatoboa kutoka nje hadi katikati ya tofali wakasimama kwenye mpaka wao. Matundu yalipishana kwa hatua nzima.

Kila kitengo kilieleza kwa maandishi kwamba tundu lake ndilo liko mahali pake. Mkurugenzi, ambaye ni bingwa wa maridhiano, akaagiza kila upande usogee kuelekea kwa mwenzake. Walisogea siku moja, saa moja, wakapishana tena. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na hapa nyasi ilikuwa ukuta wa chumba cha kulala. Mpaka wiki inaisha ulikuwa na midomo tisa, na mingine ilikuwa imeonana na jirani zake bila kibali, upepo ukawa unapita huku unapiga mluzi. Kiyoyozi kilikuwa bado kwenye boksi. Boksi lilisogezwa kuziba upepo. Mke wa Mkurugenzi akaenda kumsalimia dada yake, na masanduku matatu.

Sasa ndipo, siku ya Alhamisi, Bwana Nje akapita nyuma ya nyumba namba kumi na nne na kusikia kitu kinanguruma taratibu.

Tulivamia saa tatu asubuhi: Mama Ndani, Bwana Nje, mimi, na dereva wa sasa wa Idara. Tuliingia bila kubisha. Na hapo, msomaji, muhtasari una pengo la dakika kama nne, kwa sababu hakuna mjumbe aliyesema neno. Chumba kilikuwa na joto. Si joto la kutoa jasho, ni lile la mtu aliyetoka kuoga akavaa nguo kavu. Mama Ndani alifungua kifungo cha koti, kisha cha pili. Dereva, yule mzee, alikuwa ameegemea mto, anasoma gazeti la juzi, na hakohoi.

Bwana Nje ndiye aliyezinduka kwanza. "Nani ametoboa ukuta wa serikali?"

"Hakuna aliyetoboa," akajibu Bi Mkunga.

"Mabomba yamepita wapi?"

Akatuonyesha. Juu kwenye pembe, pale ambapo nyumba hizi zamani zilikuwa na bomba la moshi la jiko la kuni, tundu lilikuwepo tangu nyumba ijengwe, limezibwa kwa kopo la maziwa na matambara. Fundi Pima alitoa kopo, akapitisha mabomba, akaziba pembeni kwa saruji kidogo. Kazi ya asubuhi moja.

"Tundu ni tundu!" Bwana Nje akapaza sauti.

"Kanuni ya tatu," akasema Dereva bila kushusha gazeti. "'Tundu maana yake ni uwazi mpya utakaotobolewa na mkazi.' Mpya. Neno hilo aliliongeza Mama Ndani tulipovuka daraja la pili, kwa sababu nyumba yake ilikuwa na tundu la zamani na hakutaka usumbufu."

Mama Ndani akarudisha kifungo kimoja. "Wewe umeyajuaje hayo?"

"Mliandika mkiwa kiti cha nyuma, mama. Mimi nilikuwa cha mbele."

Nilifungua Kanuni. Ilikuwa hivyo hivyo, na mwandiko ulikuwa wangu, umeyumba pale penye matuta.

Jambo likiwa na utata, mwongozo unataka ukaguzi wa kina. Tukaketi. Tuliukagua ukuta, tukaikagua dari, tukalikagua joto lenyewe kwa kunyoosha mikono. Ilipofika saa kumi kikao kiliahirishwa hadi kesho yake. Kesho yake tuliwahi mapema kuliko tunavyowahi ofisini. Jumatatu Masjala walituma mwakilishi, aliyekuja na faili tupu na blanketi. Uhasibu wakasema bila wao ukaguzi hauna uhalali, wakaja wawili. Jumanne tulikuwa maafisa kumi na wawili kwenye chumba cha hatua nne kwa tatu, na mlango ulikuwa haupumziki. Bi Mkunga hakutupa chai, na hilo liliandikwa.

Mchana huo Dereva akakohoa. Mara moja tu, kisha mara tatu mfululizo, mkono kifuani. Niliangalia uso wa Bi Mkunga, nikaogopa.

Akasimama katikati ya chumba. "Elfu tisa ilipimwa kwa watu wawili," akasema. "Nyie ni kumi na wawili, na kila mmoja anaingia na baridi yake mlangoni. Mgonjwa wangu hamtaniulia humu ndani. Tokeni."

"Mama, sisi ni kamati."

"Tokeni kikamati."

Tulitoka. Sauti ile imewatoa watoto matumboni kwa miaka thelathini na tano, sembuse maafisa chumbani. Lakini hatukuondoka, maana kurudi ofisini ni kurudi kwenye viyoyozi vinavyopoza. Asubuhi ya Jumatano tulikuwa nyuma ya nyumba yake kama kawaida, na tukakuta amejipanga. Ameweka ubao juu ya matofali, amekata boksi la kiyoyozi vipande vipande na kuviandika namba. Utaratibu aliutoa kwa mdomo: wawili wawili, robo saa, viatu mlangoni, salamu kwanza, na mwenye mafua asithubutu.

Ubao ule ulikuwa chini ya kipande cha nje. Na kipande cha nje cha chombo kinachopasha ndani kinatoa upepo ambao sijawahi kukutana nao. Nilivaa soksi mikononi nikaendelea kuandika.

"Mbona kinatupulizia baridi?" Bwana Nje akauliza, meno yakigongana.

Fundi Pima alikuwa amekuja kukagua kazi yake, futi mkononi. "Joto halizuki lenyewe, mzee. Linachukuliwa hapo ulipokaa, linapelekwa kwa mgonjwa. Wewe hapo unamtibu mtu."

Nilimsogelea Bi Mkunga kwa heshima, nikamkumbusha kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Akaniangalia.

"Mwanao nilimpokea bila fomu," akasema. "Hata namba sikumpa. Kaa. Namba kumi na moja."

Mwanamke mmoja, mwombaji wetu wa zamani, alikuwa anapita na ndoo ya maji. Alisimama akatutazama mstari mzima, kuanzia Uhasibu hadi Masjala. "Mkuki kwa nguruwe," akasema, na wala hakumalizia.

Saa nne na nusu likasimama gari la Idara. Dereva wa sasa akashuka mbio na kuja kudai namba saba, aliyokuwa amewekewa na mwenzake wa Masjala, akapokelewa ndani. Nyuma yake akashuka Mkurugenzi. Alikuwa na koti juu ya koti na taulo shingoni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala wiki moja akizibia matundu kwa boksi. Tulisimama wote. Yeye hakutuona. Alikwenda moja kwa moja mlangoni.

"Shikamoo, mama," akasema. Nimefanya naye kazi miaka kumi na minne, na sikujua kwamba neno hilo analijua.

"Marahaba. Una namba?"

"Mimi ni Mkurugenzi."

"Naona, baba. Una namba?"

Mkurugenzi akanigeukia. Mimi nikauinamia muhtasari.

"Mama, nielewe," akasema kwa sauti ya chini. "Kwa Jedwali, mimi ni mtu wa elfu ishirini na nne."

"Chetu ni cha elfu tisa. Hakikuenei."

Nasema kweli, nilimwonea huruma. Alisimama pale huku taulo likipepea kwa upepo wa kile chombo, na Bi Mkunga naye si mtu wa jiwe. Alimtazama kama wanavyotazamwa wanaokuja wodini saa za kuona wagonjwa zimepita. Kisha akafungua mlango kidogo, akaingiza kichwa.

"Mzee," akaita, "bosi wako yuko hapa nje. Baridi imemshika. Namba hana. Tumfanyeje?"

Tulisikiliza kama atakohoa. Hakukohoa. Gazeti lilikunjwa taratibu, mara moja, mara ya pili, na sauti ya Dereva ikaja imetulia, haina kinyongo, safi kabisa kifuani.

"Mwambie asubiri kwenye gari."

Mkurugenzi alibaki amesimama kidogo, kama mtu aliyesikia wimbo anaoufahamu asikumbuke mahali alipousikia. Kisha akageuka, akaenda. Kwa mazoea akafungua mlango wa nyuma, akaketi, akaufunga. Alitaka kupandisha kioo cha mbele lakini hakipandi mpaka juu. Hilo liliripotiwa mara nyingi, na ripoti zote ziko kwenye faili. Funguo za gari alikuwa nazo namba saba, na robo saa ya namba saba ndiyo kwanza ilikuwa imeanza.

Nikaandika kwenye muhtasari: Mkurugenzi amehudhuria, yuko kwenye gari. Bi Mkunga akawaita namba tisa na kumi wakae tayari mlangoni. Nikasogea kidogo kwenye ubao.